Kufuli Langu la Paris

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani zaidi, wao au huu mdomo wangu. Binti yangu alinipeleka Paris, mji wa mto na madaraja ya mawe ya enzi za wafalme. Wapendanao hufunga kufuli kwenye vyuma vya madaraja hayo, nami nikafunga langu kumkumbuka marehemu mume wangu.

Jumapili, kanisani kwetu Hodge Hill, huku ughaibuni tunakoishi, nikatoa ushuhuda: "Nimeacha kufuli langu darajani kwa mapenzi ya mzee wangu!"

Watanzania tunaosali nao, sisi wa nchi jirani, wakaangua vicheko. Nikawaka. "Mnamcheka marehemu? Lilikuwa kubwa, tena jipya! Wazungu walisimama kulipiga picha!"

Mchungaji akajifunika uso kwa Biblia. Mama Neema wa Dar akanivuta sketi.

"Bibi, kaa chini. Kwetu vijana wakisema kufuli, ni chupi."