Kwenda Kampala Kununua Pini za Nywele

Safari hii ilinigharimu miche mitatu ya sabuni, kilo mbili za chumvi na kanga moja mpya. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini.

Sababu ya kuondoka Kisumu ni mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa Mengo. Alinitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa lori: "Mwambie Dada aje, twende madukani tukatafute vitu vya nywele." Nywele za Zuhura zinafika kiunoni. Tulizirithi kwa bibi mzaa baba, ila mgawo wangu sijui uliishia wapi.

Sasa, pini Kisumu zimejaa. Vitana tele. Madukani Kampala, tangu Wahindi wafukuzwe, kuna rafu na vumbi. Tena tulikwisha kupata habari kwamba mumewe, Shabani fundi saa, alikutwa kibandani kwake na watu waliomtia kwenye buti ya gari, na hadi leo hajaonekana. Mwenye msiba kama huo anataka pini? Nikasema mtoto amerukwa na akili. Nikafunga mzigo, na pini nikatia humo humo.

Asubuhi, Busia. Askari wa mpakani alipekua mfuko wangu.

"Mama, sabuni hii yote unaoga wewe peke yako?"

"Afande, si unauona mwili wenyewe?"

Alicheka, akachukua mche mmoja. Kicheko nacho kina ushuru wake.

Mchana, daraja la Jinja. Tulishushwa basini sote, mikono juu, mizigo chini. Askari alichovya kidole kwenye chumvi yangu, akalamba, akafumba macho kama aliyelamba asali. Kilo moja ikabaki darajani.

Jioni, Mengo. Zuhura alinipokea akiwa mkavu, hana chozi. Nikamtolea pini za Kisumu. Akazitazama bila kuzigusa.

"Hizi hazinifai, Dada."

"Zina kasoro gani?"

"Hakuna aliyeniona nikizinunua."

Ndipo aliponieleza, akiwa amefungulia redio kwa sauti. Kuna mama mmoja wa Kasubi ambaye mwanawe alichukuliwa vivyo hivyo. Akaweka matanga, watu wakaja, wakalia. Siku ya pili wakaja watu wengine, wakamuuliza swali moja tu: nani amekwambia amekufa? Atajibu nini? Wakaondoka naye. Tangu hapo, Kampala hakuna wajane. Kuna wanawake ambao waume zao wamesafiri.

"Na yule ananitazama," Zuhura akasema, akiashiria dirishani. Mkabala wa nyumba alikaa jirani mmoja ambaye hana kazi wala hana njaa. "Nisiposuka, atasema nimekaa eda. Nikikaa eda, nimeishitaki serikali."

Kwa hiyo asubuhi tulitoka kwenda kununua vitu vya nywele, tukipita polepole mbele ya jirani. Zuhura alimsalimu, akamwambia tunakokwenda. Jirani akatutakia biashara njema.

Mjini tuliingia duka lililokuwa la Mhindi. Mwenyewe mpya alipewa na shemeji yake wa jeshini, na alikuwa akiuza alichokikuta bila kujua ni nini. Juu ya dirisha alikuwa amefungia pazia kwa paranda mbili, zile nyuzi nyeusi zenye vishada ambazo Wahindi huzisuka pamoja na nywele ndefu.

"Kalibu, nyabo. Hiyo ni kamba ya pazia. Ya Bombay. Bei kali."

"Kamba gani nyembamba hivi?" nikamwambia. "Pazia langu zito, litaikata wiki hii hii."

"Basi toa sabuni mbili," akasema, macho kwenye mfuko wangu.

"Mche mmoja, na unipe kitana kile chenye meno mapana."

"Kile ni ya farasi!"

"Basi farasi wangu anakihitaji."

Akazifungua, akatupatia vyote. Pazia likaanguka, jua likaingia dukani, na tukaona vizuri jinsi rafu zilivyokuwa tupu. Naye akaziangalia, nadhani kwa mara ya kwanza.

Pini hakuwa nazo. Tukateremka Namuwongo, kando ya reli, kwa mama mmoja aliyezitengeneza kwa njiti za gurudumu la baiskeli. Alikuwa akizikunja kwa koleo na kusugua ncha kwenye jiwe ili zisichome kichwa.

"Nyabo, hii haiwezi kupinda. Imebeba matoke kutoka Masaka, itashindwa nywele?"

Pini kumi na mbili, mche wa mwisho wa sabuni. Sikubishana. Kazi ile ilistahili mche na nusu.

Saa nane mchana, njiani kurudi, kizuizi. Kuna amri inayokataza nywele za bandia, na askari kijana aliona fundo kubwa chini ya kanga mpya niliyomletea Zuhura. Akamwamuru aivue barabarani.

"Hii nywele yako ama ya duka?"

"Yangu, afande."

Akazishika, akavuta. Nywele zikaja pamoja na kichwa, jambo lililomridhisha. Kisha akaziona pini mkononi mwa Zuhura.

"Hii yote ya nani?"

"Ya bwana wangu," Zuhura akasema, tena akitabasamu. "Amesafiri. Hapendi kurudi akanikuta sijasuka."

Askari akaikunja kanga mkononi mwake. Akaturuhusu. Kanga hakuirudisha, alianza kufutia bunduki.

Alasiri nilimsuka Zuhura barazani, nikatia paranda, nikakaza na zile pini, jirani akiona yote. Akatuambia imependeza.

Tulipoingia ndani, Zuhura alifunga mlango. Akachomoa pini moja moja, akafumua nywele zote, akajifuta mafuta, akavaa kanga kuukuu, akaketi chini.

"Nje mimi mke wa mtu, Dada. Humu ndani nimekaa eda."

Nikamuuliza kama ana hakika mumewe amekufa. Akasema fundi mwingine wa saa, mwenzake Shabani, aliletewa saa apunguze mkanda, maana ulikuwa mkubwa kwa mkono wa mwenye nayo mpya. Mwenye nayo mpya ni askari. Saa ilikuwa ya Shabani.

Nilirudi peke yangu. Darajani Jinja kilo ya pili ya chumvi, niliyosahau kumwachia Zuhura, nayo ikabaki. Nilichojifunza ni kwamba mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hili sikuweza kulihesabu hata mara moja. Kumwuliza sheikh wa kule ni kutangaza kifo, basi nawauliza ninyi mlio nyumbani, mwenye elimu anijibu nimpelekee. Miezi minne na siku kumi ya eda ya Zuhura inaanza siku waliyomchukua mumewe, au siku saa ilipoletwa kwa fundi? Na zile siku anazotoka barazani amesukwa, na pini kichwani, anatabasamu, zinahesabika, au kila jioni anaanza upya?