Picha za Fidele

Tii. Mlio mmoja tu, mwembamba, kama wa kifaranga aliyeguswa. Hivyo ndivyo kompyuta ya Mwanahawa ilivyoamka siku zote, na Tharsisi, fundi wa kompyuta kutoka Kasulu, aliujua mlio huo kuliko wa simu yake mwenyewe.

Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili: Windows ya kuchapia, na Linux ya kuingilia mtandaoni na kufungulia flashi za wateja, maana haziishi virusi. Tharsisi ndiye aliyeipanga. Ukiiwasha, ilikuletea orodha ya maandishi meupe kwenye kioo cheusi, uchague pa kuingia. Juu ya orodha, kama mafundi wa huku wapendavyo, aliandika jina lake na namba ya simu. Kwa hiyo kila asubuhi, pale steshenari Kibondo, jina la kwanza ambalo Mwanahawa alilitazama lilikuwa la fundi huyo. Kwamba hilo lilimfurahisha, Tharsisi hakumwambia mtu.

Siku moja Tharsisi alikuja kubadilisha feni ya kompyuta. Akawasha. Tii. Badala ya orodha zikaja picha mbili kubwa, dirisha la buluu la Windows na ndege mnene mweusi wa Linux. Chini yake: Fundi Fidele, Mabamba.

"Huyu ni nani?"

"Aa, Fidele!" Uso wa Mwanahawa ulichangamka. "Alipita juzi. Ana mikono mizuri huyo! Kaniwekea programu nyingine ya kuwashia. Mdogo wangu Kudra hajui kusoma, lakini dirisha analijua. Sasa hata nisipokuwepo anafungua duka."

"Picha zinaichosha mashine. Orodha yangu ni nyepesi."

"Fundi," akasema Kudra, mdogo wake Mwanahawa, kutoka kwenye mashine ya kopi, "mbona umenuna kama mume aliyekuta kandambili za mwenziwe mlangoni?"

Wakacheka. Tharsisi naye akacheka, meno tu. Mwanahawa alipotoka kuzungumza na mteja, Tharsisi akazifuta picha za Fidele na kuirudisha orodha yake. Jina lake likawaka juu ya kioo, na kifua kikapoa.

Kesho yake Mwanahawa alikwenda msibani Mabamba. Kudra akawasha kompyuta, akangoja picha. Orodha haikumngoja; ilipoona haichaguliwi, ikaingia yenyewe kwenye Linux, ambako printa haikuwahi kuunganishwa. Walimu waliokuja kuchapisha mitihani wakasimama, wakatazamana, kisha wakavuka barabara kwenda duka la pili.

Jioni Tharsisi aliitwa. Mwanahawa alikuwa bado na khanga ya msiba. Hakufoka.

"Miaka yote hii nimekuachia mashine yangu, Tharsisi. Leo mdogo wangu amelia mbele ya wateja. Zirudishe zile picha. La sivyo, usiiguse tena."

Tharsisi alizoea kuitwa Fundi, si kwa jina. Akaiinamia kompyuta, akafungua hiki, akafunga kile. Orodha aliijua, picha hakuzijua. Kudra alimtazama bila utani wowote.

Mwanahawa akamsogezea simu yake, namba ikiwa tayari kwenye kioo: Fundi Wetu Fidele. Tharsisi alitamani kujua yeye kahifadhiwa kwa jina gani, akaogopa kutafuta.

Akatoka nayo hadi nyuma ya duka, akageukia ukuta, akapiga.

"Fidele," akasema, "zile picha… uliziwekaje?"