Ukikutana na Nyati, Lala Chini

Enzi zetu, sisi tuliokulia ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, upande huu wa Karatu, ushauri ulikuwa mwingi kuliko viatu. Tembo akiingia shambani, choma pilipili. Ukikutana na nyati, usikimbie, lala kifudifudi, pembe zake zimejikunja, hazifiki chini. Huo wa nyati tuliufanyia hadi mazoezi. Wakati wa mapumziko mmoja wetu alikuwa nyati, wengine tunajitupa kwenye vumbi jekundu, na aliyechelewa kulala amekufa. Sare zilichafuka, tukachapwa, kesho yake tukalala tena.

Ushauri ule tulipewa na jirani yetu, mzee aliyewahi kulinda kambi za watalii. Alilala mara moja, nyati akampita, na tangu hapo hakukosa kata ya pombe kila aliposimulia. Aayo, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kiiraqw, alimsikiliza huku akichambua maharage, kisha akasema, "Huyu alilala akaamka, ndiyo maana tunamsikia. Waliolala wasiamke, nani amewauliza?" Aliniambukiza shaka, na mpaka leo sijapona.

Kiangazi kimoja mimi na mdogo wangu Paskalina tulikwenda kuokota kuni. Nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye minane. Tulikuwa tunarudi na mizigo yetu kichwani pale nyati dume alipojitokeza njiani, peke yake, tope limemkaukia mgongoni. Paskalina alitupa mzigo, akalala kama tulivyofanya shuleni. Mimi, bingwa wa kulala mchezoni, nilipanda mti. Sikumwita wala sikumshika mkono. Nilipanda tu.

Nyati alimsogelea, akapuliza pua mpaka vumbi likamrukia Paskalina shingoni. Kisha akaugeukia mzigo wa kuni, akautawanya kwa pembe, akaingia msituni.

Paskalina anaapa kwamba kulala ndiko kulikomwokoa. Mimi nasema ni kuni: mnyama alikuwa na hasira, akapata cha kupiga. Tumebishana kwenye harusi na kwenye misiba, na katika ubishi wote huo hajawahi kuutaja ule mti. Ningefurahi angeutaja.

Aayo hakutusifu wala kutugombeza. Kesho yake aliacha jembe, akachukua debe bovu na fimbo, akaja nasi njia ya shule, akiligonga njia nzima hadi tukaona haya mbele ya wenzetu. Alifanya hivyo kiangazi chote. Shamba lilichelewa kulimwa, na mwaka ule tulikula ugali mdogo. Nilipomuuliza kwa nini asituambie tu la kufanya, alijibu, "Maneno hayamsindikizi mtoto."

Siku hizi ushauri unaingia kwenye simu kabla hujanawa uso. Katika kundi letu la kijiji mmoja anasema simama wima, mwingine anasema rudi nyuma taratibu, wa tatu anasema lala, na wote wanataka usambaze kwa watu kumi. Nawauliza nani kati yao amewahi kuonana na nyati, wananijibu kwa vikatuni vya kucheka. Vijana ndio kabisa. Wakimwona nyati wanatafuta simu kwanza, ili atokee vizuri pichani.

Wiki iliyopita nyati alionekana tena kwenye njia ya shule. Neema, kitinda mimba wangu wa darasa la nne, anaipita kila asubuhi, na saa hizo mimi niko jikoni nawapikia chai madereva wa watalii, watu wasiojua kusubiri. Jana nilijikuta nikimwambia, "Ukimwona, lala chini." Akaniangalia, akauliza, "Mama, wewe ulilala?"

Leo nimewaacha madereva na njaa yao. Nilitafuta debe nyumba nzima. Zamani kila nyumba ilikuwa na debe bovu. Mimi nina ndoo sita za plastiki, ambazo hata ukizipiga kwa rungu hazimshtui kuku. Nikabeba sufuria ya chai na mwiko.

Neema alitangulia hatua kumi mbele, akijifanya hanijui, kama nilivyojifanya mimi mbele ya Aayo. Niligonga sufuria ile mpaka mkono ukauma. Tulipokaribia shule nikamwita arudi karibu yangu, nikamwambia habari za ule mti.