Pikipiki Iliyougua Alfajiri

Mlio ule niliusikia nikiwa bado ndani ya shuka: mashine uani ikipiga kelele, juu, juu zaidi, kama mnyama aliyebanwa mlangoni. Ukakatika ghafla, na kaka yangu akalaani kwa kunong'ona, maana mama alikuwa bado juu ya mswala.

Tulikaa Magogoni, miaka michache kabla ya uhuru, na kaka alifanya kazi machimboni Bamburi. Mbuzi alimwangusha njiani, usukani wa pikipiki ukapinda. Jumapili mchana akafunga usukani mpya, mrefu zaidi, na nyaya mpya za klachi, breki na mafuta. Jioni akazunguka mtaa mzima akipungia watu. Lakini tangu Jumatatu, kila alfajiri, mkono wa mafuta ukishazungushwa kuongeza mwendo haukurudi. Pikipiki ilitaka kuruka ukuta.

Siku mbili alikwenda kwa miguu, siku zote mbili akachelewa. Msimamizi akamwambia akichelewa tena asihangaike kuingia. Mama naye alikwisha kusema lake: "Ukiipanda na hali hiyo, radhi yangu huna." Kwetu neno hilo halijibiwi.

Kila alasiri aliisukuma hadi kwa fundi, na kila alasiri ilikuwa nzima. Fundi aligeuza usukani kushoto na kulia, akitazama kama waya unavutika. Akaupitisha njia nyingine chini ya tangi. Akafungua kabureta, akaifunga.

"Pikipiki haina ugonjwa, bwana. Mgonjwa ni wewe."

"Wallahi, alfajiri inakwama!"

"Basi niletee alfajiri."

"Alfajiri si umelala?"

"Ndiyo maana sijaona kibovu."

Siku ya tatu nilikaa kizingitini kuchana nywele kabla jua halijatoka. Ilikuwa kipupwe, sakafu baridi. Nikainamisha chupa ya mafuta ya nazi juu ya kiganja, lakini hayakutoka. Yalikuwa meupe, yameganda hadi shingoni, kama asubuhi zote za miezi ile, na kama asubuhi zote ningeyaanika juani. Nikabaki na chupa mkononi.

"Kaka, nyaya zile ulizipaka nini ndani?"

"Nazi. Kwani hupakwa nini?"

Sikuweza kumcheka. Nyumbani kwetu nazi ililainisha bawaba, cherehani, magoti ya mama na utosi wa watoto wachanga. Nani angeishuku? Tangu siku ile, nikiambiwa fulani ana moyo mgumu, huuliza kwanza amekutwa saa ngapi.

Mama ndiye aliyecheka. "Umeisinga mafuta kama bibi arusi!"

Tukachukua mafuta ya taa jikoni, tukayamimina ndani ya kila waya kutoka juu, taratibu, mpaka yakatokea chini yakibeba chembe nyeupe. Kaka akazungusha mkono, akauachia. Ukarudi. Akageuza usukani hadi mwisho, huku na huku, ukarudi.

"Hebu sogea," mama akasema. Akauzungusha mwenyewe mara tatu, kitambaa cha kuswalia kingali kichwani, akisikiliza. Kaka alisimama kando, kofia mkononi, akilitazama anga linavyoanza kupauka.

"Mama, nitachelewa."

"Najua."

Akauachia mara ya nne.

"Haya, nenda. Radhi yangu unayo."

Kaka akambusu mkono, akaisukuma pikipiki nje, na mama akaufunga mlango wa ua nyuma yake.