Hita ya Teksi ya Shemeji

Gereji nzima ilimwita Mama Rejeta, na jina hilo alilistahili, asikudanganye mtu. Miaka ishirini na mbili chini ya magari ya watu, na kurudishiwa kazi hakukujua. Alilisema hilo mwenyewe kila siku, bila kuombwa.

Basi asubuhi moja akaingia shemeji yake, mdogo wa mumewe, na teksi yake.

"Shemeji, hita inapuliza baridi tupu. Na kesho namtoa mke wangu hospitali na mtoto."

Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya miezi yake, na nyumba yao iko juu milimani, mwendo wa saa mbili kwenye baridi ya kung'ata masikio. Daktari alishaonya: huyu asipigwe na baridi hata kidogo.

"Kitoto kimechukua sura yako, au Mungu kakihurumia?" Mama Rejeta akamtania, boneti ameshaifungua.

Injini ilikuwa imeshapata moto, feni inavuma vizuri. Akashika mipira miwili inayopitisha maji ya moto kwenye hita. Mmoja ulichoma, wa pili baridi. Maji hayazunguki.

Fundi umeme wa jirani akachungulia. "Imeziba hiyo ndani. Vua dashibodi. Siku mbili."

Siku mbili, na mtoto anatoka kesho! Mama Rejeta akatega sikio kwenye dashibodi, akasikia maji yakigugumia. Hiyo ilikuwa hewa, imenaswa ndani. Na rejeta mpya ya gari hili aliifunga yeye wiki iliyopita, mbio mbio, mdomo uko kwenye umbea. Hewa hakuitoa.

Angeweza kunyamaza; kisingizio alishaletewa mpaka mkononi. Lakini mwanamke huyu alikuwa na majivuno, na majivuno yake hayakulala chumba kimoja na uongo.

"Shemeji, kosa ni langu," akasema, gereji nzima ikisikia. "Nilifunga rejeta nikaacha hewa ndani."

Kuna aliyecheka. Akamwacha acheke. Akaliegesha gari pua juu kwenye mwinuko, akasubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji, akawasha injini na hita mpaka mwisho, akawa anaiminya ile mipira hadi mapovu yakaisha. Wa pili nao ukachoma. Hita ikapuliza joto la kukausha nguo.

Kesho yake akafuatana na shemeji, hakutaka kusimuliwa. Mlangoni mwa hospitali mke wa shemeji akasita, kitoto kifuani.

"Teksi itatufikisha kweli? Si ndiye huyu aliyeiharibu?"

Mama Rejeta akatazama viatu vyake.

"Nani kakwambia?" shemeji akauliza.

"Wewe."

"Na mimi, nani kaniambia?"

Mke akaelewa: ni fundi mwenyewe aliyejisema. Kisha akamgeukia Mama Rejeta. "Dada, nishikie mtoto nipande."

Akampokea. Kwa fahari akamfunika masikio vizuri.