Safari ya Kibarani kwa ajili ya mti wa asumini

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya maua. Ninyi wanangu mlioko Lamu mmekwisha kusikia kuwa mjukuu wangu Maimuna ameposwa, na harusi ikawekwa mfungo sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Mimi kwa kinywa changu niliwaambia watu wa bwana harusi kwamba asumini yote, ya kikuba cha kuvaa bibi harusi na ya kumwagwa kitandani, itatoka kwenye mti wa uani kwangu, alioupanda marehemu mama. Mimi harusini mwangu nilivaa maua ya mti huo, na binti yangu Zuhura, mamake Maimuna, aliyavaa mwake. Basi mfungo mosi akaja mama wa bwana harusi, akautazama mti. Majani yamekuwa ya manjano, matawi yamekauka ncha. Akasema kwa adabu kabisa kwamba nisijisumbue, maua atayaleta yeye. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Nikaambiwa mti wataka udongo, na udongo mzuri uko Kibarani, kwa Mwanaisha. Huyu tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani tukiwa wadogo, kisha akaolewa na mkulima. Maua yake ndiyo yanayonukia soko zima. Nikakata shauri niende nikanunue vikapu vinne.

Asubuhi, jua halijapanda, mimi na Zuhura tulitokea barabara ya Ndia Kuu na vikapu vyetu. Zuhura alitaka tupande toroli, kile kigari chenye paa la turubai kinachosukumwa na watu wawili juu ya reli. Mimi nilikuwa nimeapa kutokipanda, lakini goti langu halikuapa. Kwenye uwanda walisukuma vizuri, kwa heshima. Tulipofika mteremko, wale wasukumaji wakarukia nyuma, kigari kikaenda chenyewe. Nilisoma kila aya niliyofundishwa, na nilizozisahau zikanirudia. Zuhura alicheka mpaka machozi. Kilipotulia akaniuliza kama twende kwa miguu wakati wa kurudi. Nikamwambia asiniletee upuuzi, tutarudi nacho.

Kwenye njia ya Makupa tulishuka, tukatembea. Huku mjini tunakanyaga changarawe nyeupe. Kule ardhi ikaanza kuwa nyekundu, kisha nyeusi, na pindo la buibui langu likafuata rangi hizo. Gari la moshi lilipita likienda bara, watu wamejaa madirishani. Tukawapungia mkono kama tunawajua.

Adhuhuri tulipiga hodi Kibarani. Mwanaisha alitoka na jembe mkononi.

"Karibu, shoga. Nilidhani mjini mmekufa nyote."

"Bado tupo. Wewe ndiye uliyezama shambani."

Akatupa madafu, akatupikia muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akauliza habari za kila mtu, hata za watu nisiowapenda. Tulipokwisha kula nikamweleza shida yangu.

"Sikuuzii," akasema.

Nikadhani mzaha. Akauliza kama mizizi ya mti wangu yaonekana juu ya ardhi. Nikasema yaonekana, imetoka kama mishipa ya mkono wangu. Akauliza tena.

"Ukitoka mlango wa uani wakanyaga vidato vingapi vya ngazi?"

"Viwili."

"Na ulipokuwa mwali nyumbani humo?"

"Viwili vilevile."

Zuhura akakohoa. "Mama, kile cha chini alikiweka baba. Alisema ua umekuwa mbali, waumia goti kushuka."

Nilimkazia macho, lakini ni kweli. Mume wangu, Mungu amrehemu, alileta jiwe akalijenga pale, na mimi nikamshukuru nisiulize.

"Ua umeshuka kidato kizima," Mwanaisha akasema. "Wafagia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Taka nazitupa pwani."

"Basi uko pwani udongo wako. Miaka yote hiyo wautupa baharini kidogo kidogo, na majani ambayo mti ungeyala. Nikikupa vikapu vinne utanifagilia vyote kabla ya harusi."

Nilisimama niondoke. Mtaa mzima unanijua kwa ua ule. Watu husema waweza kumwaga wali chini ukaula. Nikamwambia kwangu si zizi la ng'ombe. Yeye akacheka, akanishika mkono kama mtoto, akauingiza chini ya majani makavu ya migomba. Udongo ulikuwa baridi, laini kama machicha ya nazi, unanukia mvua. Nyungunyungu, mnyoo wa ardhini, akanipitia kidoleni.

"Hawa ndio wanaonilimia," akasema. "Wako umewafukuza."

Nikakaa tena. Akanipa vikapu viwili, bure, kwa sharti mbele ya Zuhura: chini ya mti ufagio usipite, majani yabaki yalipoanguka, maganda na machicha na matumbo ya samaki yafukiwe pale, na maji ya sabuni yamwagwe kwingine.

Alasiri tulirudi na toroli, vikapu miguuni. Msukumaji mmoja akauliza tumebeba nini kizito hivi. Zuhura akamwambia udongo.

"Bibi, kwani mjini hakuna udongo?"

"Ulikuwapo," nikamjibu.

Nyumbani kazi ilikuwa kwenye mkono wangu, si kwenye mti. Kila alfajiri mkono uliutaka ufagio, hata nikampa Zuhura auhifadhi chumbani kwake. Jirani yangu alichungulia ukutani akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia mimi mzima, atazame mambo yake. Mfungo tatu majani yakawa kijani. Mfungo tano vikonyo vikajaa vitumba.

Kutwa ya kuamkia harusi tulichuma alasiri, sinia juu ya sinia, mpaka tukaazima masinia ya jirani yuleyule. Mama wa bwana harusi alikaa nasi kutunga, na hakusema tena habari ya kuleta maua. Maimuna alipotolewa mbele ya wageni, harufu ilitangulia kufika.

Nilichojifunza Kibarani nakisema bila mapambo. Sakafu haili, udongo unakula. Ukiunyima unachoka, na ukizidi kuufagia unaondoka, na mwenye kuuita urudi ni lazima ainame. Mimi nimeinama nikiwa na wajukuu. Ninyi inameni sasa, mtawaachia watoto wenu ua ulio juu kuliko mlioukuta.

Asubuhi ya pili, ua ulikuwa umejaa maua yaliyoanguka, majani ya mrehani na maganda ya ndizi za wageni. Wanawake wakanionea huruma, wakashika fagio wanisaidie. Nikasimama kidatoni nikawaambia waziweke chini.

"Acheni hapo. Mti haujala."