Pedali Mbili Nyeusi

Mng'aro alikuwa fundi pikipiki, na jina hilo hakupewa bure. Ungempelekea pikipiki haiwaki, yeye angeanza kusugua madigadi. "Kwanza ipendeze," angesema, utadhani mashine inakwenda kuposwa. Watu walimcheka, lakini kazi walimletea. Kwa pikipiki za zamani, zile ambazo ukitaja kipuri chake dukani muuzaji anakutazama kama umeulizia marehemu, hakuna aliyemfikia. Alijua kuchimbua kipuri kwenye chuma chakavu, akakitoa kutu, akakinyoosha, akakipaka rangi, mpaka chenyewe kikasahau kilikotoka.

Pikipiki kongwe kuliko zote pale mtaani ilikuwa ya dada yake mkubwa. Aliachiwa na marehemu mumewe, na habari ya kuiuza hakutaka hata kuisikia. Alikuwa muuguzi wa chanjo. Kila Jumatano alifunga boksi la barafu nyuma ya kiti, akapanda mlimani mpaka kwenye zahanati, akateremka alasiri. Mteremko ule una kona kumi na moja, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa.

Wiki moja pedali ya breki ya nyuma ilikuwa imelika mpaka mguu unateleza, na breki ya mbele ya pikipiki ile ilikuwa ya kuombea dua. Mng'aro akaenda kwa mzee wa chuma chakavu. Alipekua lundo nusu siku, akatoka na pedali mbili za aina ileile, za pikipiki mbili zilizokufa zamani.

"Beba zote," mzee alimwambia. "Ukiondoa wewe, nani mwingine atakuja kuniuliza hicho kidude?"

Nyumbani alifanya kazi kama inavyotakiwa, tumpe haki yake. Alizisugua kwa brashi ya waya, akaziloweka kwenye mafuta ya taa, akazifuta zikakauka kau, kisha akazipaka unga wa chaki. Hivyo ndivyo chuma kibovu kinavyojulikana: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka taratibu yakachora mstari kwenye chaki. Moja ilibaki nyeupe. Ya pili ikatoa mstari shingoni, mwembamba kama unywele.

Mtu mwenye akili timamu angeikata vipande palepale. Lakini Mng'aro hatupi chuma. "Iko siku nitaichomelea," alijisemea, akaiwekea alama ya msalaba. Kwa kitu gani? Kwa chaki! Halafu akaziosha zote mbili kwa petroli ili rangi ishike, na msalaba ukaenda zake na petroli. Hakujali. Nzuri aliitundika uani kwenye msumari wa kulia, mbovu kwenye wa kushoto. Na kwa vile kopo la rangi lilishafunguliwa, akapaka zote. Kitu kibovu unakipaka rangi ya nini? Muulizeni yeye. Zilipendeza, mapacha kabisa.

Jumanne alichukua ya kulia akaifunga. Jumatano asubuhi dada yake akaja na boksi lake, akainama, akaitazama.

"Inang'aa," alisema. "Inashika?"

"Dada, hiyo itatuzika sote."

"Chunga mdomo wako, mtoto wa mama."

Akapiga kiki, akaondoka.

Mchana walipokuwa wanakula, mkewe Mng'aro akakumbuka neno.

"Baba watoto, siku nyingine ukitundika vitu vyako uani uwe unatazama mawingu. Juzi nimekimbizana na mvua kuviingiza vile vyuma vyako, na rangi ikanigandia kwenye gauni."

Mng'aro aliacha kutafuna. "Vyuma gani?"

"Vile viwili. Vyeusi."

"Ukavirudisha?"

"Mvua ilipokatika nikavirudisha, ndiyo. Ningevilaza kitandani?"

"Msumari wa kulia ulitundika ipi?"

"Ipi vipi? Si vyote vyeusi?"

Alinyanyuka na tonge mkononi, akaenda uani, akasimama mbele ya pedali iliyobaki kwenye msumari wa kushoto. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Rangi nzuri, haina hata tone lililotiririka. Haikumwambia kitu.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Kule mlimani mtandao haukuwepo tangu dunia iumbwe, naye alijua, lakini alipiga mara saba.

Mkewe alipoelezwa, alishika kiuno. "Na bado umesimama? Azima pikipiki ya jirani, mfuate!"

"Ngoja kwanza nihakikishe. Hii ikiwa ndiyo mbovu, basi yake nzima, tutacheka."

"Na ikiwa siyo?"

Akachukua msasa na thina, akaanza kuibambua ile pedali.

Hapo ndipo alipokosea zaidi ya kote, zaidi ya chaki na zaidi ya misumari. Safari ya kule juu ni saa nzima na ushee, na dada yake huteremka saa tisa. Angeondoka palepale angemkuta zahanati bado anachoma watoto sindano. Lakini Mng'aro alitaka ajue kwanza kama ana kosa. Akabambua rangi mpaka chuma kikawa kitupu, akailoweka, na kwa kuwa ufa wa unywele hauingizi mafuta haraka, akasubiri. Aliketi juu ya ndoo. Kila akifumba macho aliona kona ya tano ya mlima, ile kali kuliko zote. Kila akifumbua aliona mkewe amesimama mlangoni, kimya, na huyo si mwanamke wa kukaa kimya.

Akaifuta. Akaipaka chaki. Akaisogeza puani kabisa.

Maisha yake yote aliomba chuma kisiwe na ufa. Siku hiyo aliomba uwepo. Pedali ilibaki nyeupe pee.

"Mama watoto," alisema, na sauti haikuwa yake. "Hii ni nzima."

Jirani alimpa pikipiki bila kuuliza, maana uso wa Mng'aro ulikuwa umeshajieleza. Alitia ile pedali na spana mbili mfukoni, akaipanda barabara kama mwizi. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila kona alichungulia bondeni kabla ya kuchungulia mbele, akitafuta boksi jeupe kwenye vichaka. Ya nne, hakuna kitu. Alipofika ya tano akamwona juu, anateremka: kofia nyekundu, boksi nyuma, polepole, gia ya pili, injini inanguruma kwa kuuzuia mwendo.

Mng'aro alisimama, akainua mikono yote miwili ampungie. Kisha mikono ikamfia hewani.

Akimsimamisha, atakanyaga breki.

Na akimtambua tu ndugu yake kichaa katikati ya mlima, si atashtuka akanyage kwa nguvu zote? Hakufikiri mara mbili. Aliisukuma pikipiki ya watu mtaroni, na yeye mwenyewe akajitupa juu yake, uso kwenye tope. Alisikia injini ile anayoijua kuliko sauti ya mama yake ikikaribia, ikipita, ikiteremka. Hakuthubutu kunyanyua kichwa mpaka ilipopinda kona.

Kisha akajitoa, akamfuata kwa mbali. Usikanyage, dada. Tumia gia, dada. Tambarare si mbali, dada. Kona ya nne. Ya tatu. Taa ya breki ya pikipiki ile ilikuwa ikiwaka kidogo na kuzima, kidogo na kuzima, na kila ikiwaka naye aliminya breki yake.

Wakafika tambarare. Mng'aro alianza kupumua.

Mbele palikuwa na mafundi wanajenga karavati, na mwanamume mwenye kibendera chekundu akakiinua ghafla. Dada alikanyaga. Mlio ulikuwa mdogo sana, kama kijiti kukatika. Mguu ulizama, breki ya mbele ikalia bure, na pikipiki ikaenda moja kwa moja kwenye lundo la mchanga, ikalala ubavu na mwenye nayo chini.

Mng'aro alipofika, dada alikuwa ameshatolewa. Ameketi juu ya mchanga, kifundo cha mguu kimevimba, chanjo zilizobaki zimemwagika, na mkononi ameshika kipande cheusi kinachong'aa. Alimtazama mdogo wake: tope kichwani mpaka miguuni, pedali nyingine inachungulia mfukoni.

"Yule aliyejitupa mtaroni kule juu ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Nikadhani mlevi. Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Hata mwenye kibendera alikuwa amesogea asikilize.

"Tangu mchana. Niliiloweka kwanza hii, nione."

"Uone nini?"

"Kama ni kosa langu."

Dada alitikisa kichwa mara moja tu. "Mimi niko juu ya mlima, wewe unaloweka."

"Nisamehe, dada."

"Funga hiyo."

Alifunga palepale, amepiga magoti kwenye mchanga, na nati ilimponyoka mara tatu. Ilikuwa chuma kitupu, kijivu, imebaki na chaki kwenye shingo. Alipomaliza, dada aliikanyaga kwa mguu mzima, kwa nguvu zote, mara kumi na mbili. Mafundi walihesabu.

"Nitaipitia Ijumaa niipake rangi," Mng'aro alisema taratibu.

"Thubutu."

Mpaka leo haijapakwa. Inaota kutu kidogo kidogo, na kila Jumatano kabla ya kupanda mlima dada huifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye mafuta, huikausha kwa kingine, kisha huipaka chaki na kuingoja kwanza. Huifanya kazi hiyo mbele ya karakana ya Mng'aro, mahali ambapo fundi hana budi kumwona. Salamu anamwitikia. Pikipiki hampi.